Lango la Ilundo

Tusekile Chaula aliiona droni yake ya mwisho ikipotea mchana kweupe. Ilipaa vizuri kutoka kwenye kirushio, ikavuka uzio wa senyenge, kisha ikasita hewani. Ikageuka kushoto, ikageuka kulia, ikarudi nyuma kidogo kama mzee aliyeshushwa kituo kisicho chake. Halafu ikazama kwenye ukungu, ikielekea kusiko. Haukupita muda akasikia kishindo cha kitu kikigonga mwamba, na mwangwi wake ukazunguka mabondeni hadi ukafa.

Alibaki amesimama, mikono ndani ya mifuko ya koti. Chupa za damu alizozipakia kwa mikono yake sasa zilikuwa zimepasukia huko kwenye mawe.

"Imekwenda?" sauti iliuliza nyuma yake.

"Imekwenda."

"Pole, mama."

Aliyeuliza alikuwa Shaweji, mkaguzi wa Mamlaka ya Anga. Alikuwa mtu wa Kilwa, na baridi ya Milima ya Livingstone ilikuwa imemweza. Tangu afike Ilundo, kituo cha droni za dawa, alijifunga blanketi la wageni juu ya sare, akawa anatembea amejikunja. Alikuja kuchukua bongo za kigeni, vikasha vya kompyuta vinavyoongoza droni, zile zilizong'olewa kwenye droni zote za Ilundo sheria ilipopita, zikafungiwa kabatini kungoja kusagwa. Asubuhi hiyo alikuwa amezitoa, akazitia kwenye mfuko wa turubai na kuupiga lakiri ya risasi. Ukungu usingeanguka, angekuwa ameshashuka na gari lake.

"Hizi bongo mpya za hapa nchini zina nini hasa?" Shaweji aliuliza. "Kule kwetu zinafanya kazi safi kabisa."

"Kule kwenu kuna joto. Hapa ubongo ukipoa sana unasahau kaskazini iko wapi." Tusekile aligeuka kurudi ndani. "Si mbaya. Ni changa tu. Nimewaandikia Dodoma, wanasema toleo la nyanda za juu linakuja."

"Na hizo nyingine bandani?"

"Miili mizima, vichwa vimekufa."

Alivua glavu, akaziweka juu ya jiko la mkaa. Kabla hajaketi, redio ikakohoa.

"Ilundo, Ilundo. Ngelema hapa. Dada, imeshatoka?"

Ilikuwa sauti ya Fidea Haule, muuguzi wa zahanati ya Ngelema, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Nyasa, pasipofika barabara wala simu. Tusekile hakuwahi kumwona Fidea hata kwa picha. Lakini kila asubuhi, maagizo ya dawa yakishaisha, walikuwa wakibaki hewani. Walisimuliana kilichopikwa, kuku aliyetaga kwenye kitanda cha wagonjwa, ndoto za ajabu. Kwenye kituo kile, ambako mtu angeweza kumaliza majuma bila kuona sura nyingine, sauti ile ndiyo iliyomkumbusha Tusekile kwamba na yeye ana sauti.

"Ilitoka," Tusekile alisema. "Imeanguka, Fidea."

Mvumo wa redio ulijaza chumba.

"Nina mwalimu Adelina hapa," Fidea alisema hatimaye, na safari hii alisema taratibu, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni. "Amejifungua vizuri. Mtoto mzima, analia kama ng'ombe. Ila mama damu haikatiki. Nimefanya yote ninayoyajua. Imepungua, haijakata."

"Wa kumtolea damu hapo hapo?"

"Nimewapima wote waliokuja. Kundi lake halipo."

"Boti?"

"Ziwa limechafuka tangu juzi. Hakuna anayethubutu."

"Una muda gani?"

"Mpaka jioni, labda. Usinishike neno."

"Nipe dakika chache," Tusekile alisema. "Usiondoke hewani."

Alipoweka chini kipaza sauti, hakutazama redio. Alitazama mfuko wa turubai uliokuwa miguuni mwa Shaweji.

*

"Hapana," Shaweji alisema kabla hajaulizwa.

"Sijasema kitu."

"Macho yamesema." Aliuvuta mfuko karibu na kiti chake. "Mama, wewe kati ya watu wote. Mimi nilikuwepo siku ile. Nilikuwa karani wa kamati ya Bunge, nimekaa nyuma kabisa. Nakukumbuka ulivyovaa."

Tusekile aliketi. Ni kweli, alikuwa amevaa nguo nyeusi, kwa kuwa arobaini ya mumewe, Ambilikile, ilikuwa haijafika.

Ambilikile alikufa Siku ya Wito. Hivyo ndivyo watu walivyoiita baadaye. Alikuwa shambani akipalilia viazi, na droni ya jirani ilikuwa ikinyunyiza dawa mashamba ya ng'ambo. Mara, bila ya mtu kugusa chochote, kila droni nchini iliyokuwa na ubongo wa kigeni iliacha kazi yake. Za dawa, za ramani, za ulinzi, za harusi, zote ziligeukia upande mmoja, zikaondoka kwa pamoja kama ndege wanaohama. Zilikuwa zimeitwa. Aliyeziita hakujulikana, wala haikujulikana alizitaka za nini. Hazikufika huko zilikokuwa zinakwenda. Betri ziliisha njiani, zikaanguka zilipoanguka, juu ya mabati, juu ya magari, juu ya watoto wa shule. Moja ikamwangukia Ambilikile, jembe likiwa bado mkononi.

Tusekile alikuwa fundi wa droni. Alijua kilichokuwa ndani ya kasha lile jeusi, dogo kama kiberiti, kuliko wabunge wote waliomwita. Akasimama mbele ya kamati akawaeleza: ubongo wa aina hii una sikio. Wewe unadhani umeununua, kumbe umeuazima. Ukiruhusu mmoja uingie, utazungumza na wenzake kupitia mtandao huohuo unaowaongoza, na siku ukiitwa tena hautakwenda peke yake.

Ndipo ikaja Sheria ya Bongo za Anga. Ikapiga marufuku kuingiza droni za nje na vipuri vyake, na katika kila kituo likafungwa Lango. Lango ndilo lililokuwa likiuliza. Droni ikipandishwa kwenye kirushio, Lango liliudai ubongo utaje ulikotengenezwa, na ubongo wa nje haukuweza kudanganya. Ukijitaja kuwa wa nje, mota hazikuwaka. Vituo vyote nchini viliunganishwa kwa Malango hayo, kila kimoja na ufunguo wake, vikilindana.

"Mbunge mmoja alikuuliza," Shaweji alisema. "Itakuwaje mgonjwa akikosa damu kwa sababu ya sheria hii? Unakumbuka ulivyomjibu?"

"Nakumbuka."

"Ulisema atakufa, na tutamlilia, na mlango utabaki umefungwa."

"Nilisema hivyo."

"Mimi nililia, mama. Nikasema huyu ndiye anayeielewa nchi."

Jiko lilikuwa linazima. Tusekile aliinama akachochea mkaa, akaupuliza. Alikuwa anajaribu kumwona mgonjwa yule wa siku ile, yule aliyemtaja mbele ya kamati. Hakuwa na sura. Hakuwa na jina wala darasa la kufundisha, wala mtoto anayelia kama ng'ombe.

"Bado nasema sheria ni sahihi," alisema. "Sikukosea, na leo sijabadilika."

"Basi?"

"Basi mlango si lazima ufunguliwe. Nyumba nzima inaweza kubomolewa, mlango ukabaki hauelekei popote."

Shaweji alimtazama bila kuelewa.

"Nikiufuta ufunguo wa Lango hili," Tusekile alisema, "Ilundo itakatika. Vituo vingine havitaisikia, nayo haitavisikia. Lango lisilo na ufunguo halimuulizi mtu swali. Nitapandisha ubongo mmoja, utapaa kwa macho yake wenyewe, na hata ukitaka kunong'ona hautampata wa kumnong'oneza. Utakaoitwa ni mmoja tu."

"Ufunguo ukifutwa haurudi."

"Haurudi mpaka Dodoma watoe mwingine. Na hawatampa mtu aliyeufuta wa kwanza."

"Na redio?"

Redio ya kituo ilipita kwenye mtandao uleule. Tusekile alilijua hilo tangu wazo lilipomjia. Ndilo alilolifikiria kwanza.

"Na redio," alisema.

Shaweji aliinuka, akaenda dirishani. Nje hapakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa weupe. Alisimama pale muda mrefu, blanketi likimteleza begani bila yeye kulirudisha.

"Kule chini kuna vijiji njia nzima," alisema. "Ikiitwa ikiwa juu yao?"

"Nitaipitisha korongoni, juu ya mto, mpaka itokee ziwani. Hapakai mtu."

"Una hakika?"

"Ya njia, ndiyo. Ya ubongo, sina."

Shaweji aligeuka. Akachukua kisu kidogo kutoka kwenye mkanda wake, akapiga goti, akakata lakiri.

"Naifungua mimi," alisema, "ili isiandikwe kwamba umeiba. Lakini nisikilize, mama. Nitaandika kila nilichokiona. Sitapunguza, sitaongeza. Usije ukadhani nimekufichia."

"Nisingependa unifichie."

*

Alichagua ubongo mmoja, akaukagua kwa kioo cha kukuzia, akauingiza kwenye kichwa cha droni iliyokuwa na mbawa nzuri zaidi. Akapakia chupa kutoka kwenye jokofu, akazizungushia sufi. Shaweji alimshikia taa. Walifanya kazi bila maneno, kama watu wanaoandaa maiti.

Kisha akarudi kwenye redio.

"Fidea."

"Nipo."

"Inakuja. Itapita korongoni, itatokea upande wa ziwa. Tandaza lile shuka jekundu uwanjani, maana itatafuta kwa macho. Ikitua, toa mzigo halafu rudi nyuma. Usiiguse zaidi ya hapo, na mtu yeyote asisogee."

"Sawa. Nitakwambia ikifika."

"Hutaweza. Naizima redio, Fidea. Si kwa leo tu."

Fidea hakuuliza kwa nini. Alikuwa muuguzi, alizoea kusikia lililo nyuma ya neno.

"Kwa hiyo hutajua," alisema.

"Sitajua."

"Basi nikushukuru sasa hivi, kabla. Ifike au isifike." Nyuma yake mtoto alilia. "Na chai yako usiwe unainywa imepoa. Kila siku nakusikia unaisahau."

"Nimesikia."

"Haya. Zima."

Tusekile aliweka kiganja kwenye kioo cha Lango. Likamuuliza kama ana hakika. Akakubali. Likamuuliza tena kwa herufi nyekundu, akakubali tena. Taa ndogo za kijani zilizokuwa zikimetameta juu ya ramani ya nchi, kila moja kituo, zikazima moja baada ya nyingine mpaka ukabaki ukuta. Mvumo wa redio, aliouzoea hata asiusikie tena, ukakatika. Hapo ndipo akagundua kuwa ulikuwepo miaka yote.

Nje, mota ziliwaka bila kuulizwa swali. Droni ikapaa, haikusita, haikutafuta njia. Ikapinda korongoni kama kitu kinachokumbuka, ukungu ukaimeza.

"Ni nzuri," Shaweji alisema kwa huzuni. "Mungu anisamehe. Ni nzuri kweli."

Walisimama wakisikiliza. Haukuja mlio wowote, wa kuanguka wala wa kurudi. Jioni iliingia wakiwa bado wamesimama.

*

Droni haikurudi. Ukungu ulipoinuka Shaweji aliondoka na mfuko wake, ukiwa na lakiri mpya. Alimpa Tusekile mkono, akashindwa kuuachia haraka.

"Watakuita," alisema.

"Nitakwenda."

Wakaja vijana wawili wa Mamlaka, wapole, wakafunga banda kwa kufuli, wakang'oa kirushio, wakamwambia anaweza kubaki kwenye nyumba ya kituo mpaka aitwe Dodoma. Halafu nao wakashuka.

Tusekile alidhani anaujua upweke. Aliishi nao tangu kifo cha Ambilikile. Alikuwa ameomba mwenyewe apangiwe Ilundo kwa sababu hakuna aliyepataka, na palikuwa na anga kubwa isiyo na watu. Lakini huu ulikuwa mwingine. Asubuhi aliamka, akachemsha chai, akaketi mbele ya redio kabla hajakumbuka. Alijikuta amehifadhi vitu vya kusimulia: mbweha aliyepita uani, maua ya njano yaliyotoka usiku mmoja bonde zima. Vikamjaa kifuani vikakosa pa kwenda. Akaanza kuvisema kwa sauti, akaona aibu, akanyamaza.

Na chini ya yote hayo kulikuwa na swali moja: droni ilifika? Wakati mwingine, akilini mwake, Adelina alikuwa hai, anaandika ubaoni. Wakati mwingine alikuwa kaburini, na Ilundo ilikuwa imezimwa bure.

Siku moja alifunga nyumba, akatia nguo na mkate kwenye mfuko, akaanza kushuka mlima kwa miguu.

*

Njia ilimpitisha kwenye misitu ya mianzi, kisha kwenye miteremko ya mihogo, na kila alivyoshuka alivua kitu: kofia, koti, sweta. Alilala kwa wakulima njiani. Alipofika Ngelema alikuwa amevimba miguu, na joto la ziwa lilimlemea kama nguo iliyolowa.

Zahanati ilikuwa na vyumba vichache vya tofali. Mlangoni alisimama mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tusekile siku zote alimwona Fidea akilini kuwa pande la mtu.

"Nani mgonjwa?" mwanamke aliuliza.

"Hakuna mgonjwa. Namtafuta Fidea Haule."

Mwanamke alimkodolea macho. Akavua miwani. "Sema tena," alisema. "Sema chochote."

"Chai yangu naimaliza ingali moto siku hizi," Tusekile alisema.

Walikumbatiana pale kizingitini, mfuko ukiwa kati yao. Na kabla hajauliza, Fidea alimgeuza kwa mabega akamwelekeza ng'ambo ya uwanja, kwenye shule. Barazani, mwanamke aliyejitanda kanga alikuwa amekaa kwenye kiti, mtoto kifuani, akiwasikiliza wanafunzi wakisoma kwa zamu. Alimkosoa mmoja. Sauti yake ilikuwa dhaifu lakini ilifika.

"Ndiye?"

"Ndiye. Bado hana nguvu, ila amekataa kukaa ndani."

Tusekile alikaa chini palepale kwenye ngazi. Hakulia. Aliangalia tu, mpaka mwanafunzi akamaliza ukurasa na mwingine akaanza.

Baadaye, wakiwa ndani na sahani ya ugali na dagaa wa usipa mbele yao, aliuliza lile lingine.

"Droni. Ilikuwaje ilipotua?"

"Nilifanya ulivyosema. Nikatoa mzigo nikarudi nyuma." Fidea alikuwa akimega tonge; akaliacha. "Ilikaa kidogo. Kama inasikiliza. Halafu ikapaa, nikajua inarudi kwenu. Haikurudi mlimani. Ilinyoosha ziwani, mpaka nisiione."

"Upande gani?"

Fidea alinyoosha mkono. Ulikuwa upande uleule ambao droni zote zilikwenda siku aliyokufa Ambilikile.

Tusekile alinawa mikono ingawa hakuwa ameshiba. Kwa hiyo aliyeziita siku ile alikuwa bado anaita. Yeyote yule, popote alipo, hakuacha kuita siku zote hizi, akingoja sikio moja tu lifunguke.

"Lazima nikawaambie Dodoma," alisema.

"Uwaambie nini?"

"Kwamba iliitwa. Shaweji, yule mkaguzi, hakuliona hilo. Wewe peke yako umeliona."

"Basi mimi sikuona." Fidea aliisukuma sahani. "Dada, sikiliza. Sasa hivi utaonekana mtu aliyeokoa maisha. Watakukaripia, itaisha, pengine watatupatia hata Lango jipya. Ukienda na hilo neno watakufunga, na Ilundo haitafunguliwa tena. Mwezi ujao nina wajawazito wanaongoja hapa. Nitawaambia nini?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Sijui, Fidea. Nikinyamaza, siku moja watu watachoka na sheria, watasema mbona yule wa Ilundo alirusha na hapakutokea kitu. Na kitu kimetokea."

Fidea aliinuka. Alikusanya vyombo kwa kishindo, akaingia chumba cha pili, akaufunga mlango. Tusekile alisikia mabeseni yakigongana, kisha maji yakimwagwa.

Alikaa. Nje watoto walikuwa wametoka shule, kelele zao zikapungua kadiri walivyotawanyika. Alifikiri juu ya njia ndefu ya kupanda. Akauchukua mfuko wake, akaanza kufunga kamba za viatu juu ya miguu iliyovimba.

"Tusekile."

Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta, karibu sana, kana kwamba Fidea ameegemeza kichwa kwenye tofali. Bila sura, bila miwani, ilikuwa ni sauti yake hasa, ile ya kila asubuhi.

"Nipo."

"Nina hasira na wewe."

"Najua."

"Usiende leo. Kaa mpaka uvimbe wa miguu ushuke." Aligonga tofali mara moja. "Nitakuja kutoa ushahidi. Mimi ndiye niliyeona, si wewe. Ukisema wewe itakuwa umesikia tu."

Tusekile aliacha kufunga kamba.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Huko Dodoma kuna baridi au joto? Mimi sijawahi kufika. Nitavaa nini?"

Tusekile aliuweka mfuko chini. Akasogeza kiti mpaka ukutani, akaegemeza bega, akaanza kumweleza.